Siku Mama Mkwe Alipochagua Pipa Nililokuwamo

Wenzangu, aibu hii ningeizika kabisa, lakini nasikia mama mkwe, uzee umemlegeza ulimi, ameanza kuisimulia huko kwao na anatia chumvi, kwa hiyo afadhali mnisikie mimi niliyebingirika.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, pale Suneka, nikiwa msimamizi wa uwanja wetu wa vikuukuu. Watu walituletea chupa, makopo na mapipa yaliyotoboka, sisi tukavipanga, fundi akageuza makopo kuwa koroboi na mapipa akayatia kitako kipya yashike maji ya mvua. Kazi ilikuwa tamu (wengine walituita wafalme wa takataka, nasi tukaitika), ila wenye maduka walikuwa wanaumezea mate uwanja ule, na asubuhi hiyo D.O., afisa wa serikali, alikuwa anakuja kuamua kama tubaki au tufungashe.

Nikavaa suruali yangu ya harusi. Saa tatu hivi nikaona pipa moja bado lina grisi, nikajiambia dakika tano tu, nikaivua suruali isichafuke nikaitundika ofisini, nikabaki na shati, tai na kaptura ya ndani iliyozeeka kuliko mapipa yenyewe. Nani angeniona? Tulikuwa mimi na Kerubo tu, katibu wetu, naye alikuwa langoni anapanga chupa, amenipa mgongo kwa heshima.

Ndipo nikasikia sauti ya mama mkwe langoni.

Sasa, kwa asiye Mgusii, nieleze. Sisi tuna chinsoni, ile haya ya ukwe: mimi na mama mkwe hatukaribiani ovyo, na yeye kunikuta nusu uchi ni jambo la kuitisha wazee. Ofisi ilikuwa upande wake. Upande wangu kulikuwa na mapipa. Nikatumbukia katika lililokuwa karibu, nikajifunika gunia.

"Binti yangu ameniambia mna mapipa mazuri," mama akamwambia Kerubo. Alikuja na shemeji zangu wawili, vijana wa shingo nene, wambebee. Nikamsikia akiyagonga moja moja kwa fimbo, ngo, ngo, ngo, mpaka akafika kwangu, nalo likalia du.

"Hili ndilo zito. Hili halitatoboka upesi."

"Mama, hilo lina vyuma ndani," Kerubo akasema kutoka langoni (Mungu ambariki, alikuwa amegeuka akaniona nikiruka).

"Basi vijana, lilazeni, mmwage hivyo vyuma."

Wakalilaza. Sikumwagika, maana nilikuwa nimekaza magoti kwa nguvu zote, ila uwanja wetu una mteremko unaoshuka hadi barabarani, na pipa likawaponyoka. Mbingu ikawa chini, ardhi ikawa juu, tai ikanichapa machoni, pipa likampita Kerubo, likatoka langoni, likagota kwenye magunia ya makopo, miguuni pa D.O. aliyekuwa ndiyo kwanza anashuka garini.

Nikatoka kwa magoti, grisi hadi masikioni. Nikasimama kwa adabu, nikanyoosha tai.

"Karibu sana, mheshimiwa. Mimi ndiye msimamizi."

Kule juu mama mkwe akapiga yowe moja, akajifunika leso usoni, akageukia ukuta, na wanawe wakacheka hadi wakakaa chini. D.O. hakucheka. Aliinama, akachungulia ndani ya pipa, akakigonga kitako chake.

"Hiki mmekitia ninyi wenyewe?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Fundi wetu."

"Na hakikufunguka, na mtu mzima ndani." Hapo uso ukamshinda, akashika mlango wa gari akacheka mpaka machozi, na huku akiyafuta akasema uwanja ubaki wetu, na yeye apelekewe mapipa mawili nyumbani, matupu.

Nilifurahi, siwafichi, nilirukaruka barabarani na kaptura ile ile, jambo ambalo Kerubo anasema ndilo lililokuwa baya zaidi. Mama mkwe nilimpelekea mbuzi na shuka jipya kumwondolea haya, na wazee wakamla mbuzi huku wakiniomba nirudie kusimulia pale nilipotoka langoni.

Tangu siku hiyo nimeapa: mtu akinikuta vibaya nitasimama hapo hapo nimwombe ageuke. Aibu ya kuonekana ni ya siku moja, ila hii ya kujificha nimeifuga miaka yote hii na bado inanenepa.