Meza Ambayo Wambua Hakuiharibu

Hadi sasa moyo unakataa. Wambua, fundi mwenzangu wa fanicha za zamani hapa Etobicoke, Canada, ametuacha Jumanne.

Mnaomjua mnajua ugonjwa wake: meza za kusomea za Waingereza, zile ambazo ubao wa juu unainuka, unashuka na kuinama. Umuulize swali moja tu, lunch break imeisha!

Za mwanzo, alinifundisha, zilikuwa za mabwana wenye vitabu vizito. Pembeni zina vibao vidogo vya kuvuta, vya kuwekea mishumaa. Baadaye wakahamishia mguu upande mmoja, ili meza iingie juu ya kitanda cha mgonjwa.

Wiki iliyopita hospitalini aligonga ile meza ya chakula iliyokuwa mbele yake. "Unaona huu mguu? Hawa watu hawajabadilisha kitu!" Akacheka hadi nesi akaja. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeenda kumwomba msamaha, nikarudi nyumbani na maneno yangu.

Nayasema sasa.

Mwaka jana tuliletewa moja ya mahogani, ya miaka kama mia mbili. Karibu na vibao vya mishumaa palikuwa na weusi wa moshi. Nikaona ni uchafu. Nikashika msasa, nikasugua hadi mbao ikang'aa kama ya jana. Kumbe thamani ya meza ilikuwa kwenye huo weusi, alama ya umri wake.

Boss akaingia: "Who did this?"

Wambua akasema, "Me. Sorry."

Nilikuwa kwenye probation, bado napimwa kazini, na makaratasi yangu ya kukaa Canada yalitegemea hiyo kazi. Yeye alijua.

Akaondolewa kwenye antiques, akawekwa kufunga mizigo. Aliniambia mara moja tu, "Makaratasi yakitoka, utamwambia Boss wewe mwenyewe."

Yalitoka Machi. Nikanyamaza. Kila asubuhi nilimpita pale kwenye maboksi, na kila asubuhi alinisalimia.

Jana kwenye maombi, binti yake Mutheu akaniambia, "Dad was so ashamed of that table, you know." Nikasema, "Pole, mami," nikachukua koti langu nikatoka.

Mutheu, baba yako hakuharibu meza yoyote. Ni mimi.

Boss, najua uta-translate hii. Kesho saa mbili asubuhi niko ofisini kwako.

Wambua, nimechelewa, nisamehe. Pumzika, kaka. Huna kosa.