Mtunza Bata wa Maabara

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu nikiwa bado na mswaki mdomoni. Jirani yetu wa hapa Buruburu, yule aliyekuwa akitunza bata wa maabara, ametutoka. Ini ndilo lililomuua. Nilikaa kitako nikasema, "Jamani, jamani."

Wasomaji wangu, msikimbilie kusema ndio hao bata. Marehemu alifanya kazi miaka mingi kwenye maabara ya utafiti wa homa ya ini. Vifaranga wa bata waliambukizwa kirusi chao wenyewe, chenye undugu na kile kinachowaletea watu homa ya ini aina ya B, kisha wakapewa dawa ili wataalamu waone kama kinapungua. Yeye aliwalisha, akawapima uzito, akawashika wakitolewa damu. "Pole mama, ni kidogo tu," aliwaambia. Siku walipouawa ili maini yao yachunguzwe, hakutia nyama mdomoni. Kirusi cha bata hakimwingii mtu, na alitueleza hivyo mpaka akachoka.

Nasi tulimcheka. Vijana wa pale kwa kinyozi walimwita Baba Bata: "Niaje Baba Bata, ini iko aje leo?" Siku ya ubatizo wa mwanangu alileta chapati za mkewe zikiwa bado moto, na zikabaki mezani hadi jioni bila kuguswa. Mimi mwenye nyumba, niliyesoma, ninayewaandikia nyinyi kila wiki, nilimtengea kikombe chake peke yake. Alikiona. Akanywa chai, akanishukuru, akaenda zake. Naona aibu hadi leo.

Kumbe kulikuwa na kubwa zaidi. Matangani mkewe alinivuta kando. Akaniambia kwamba miaka ya nyuma kazini waliitwa wote wapimwe damu, na asiye na kirusi achanjwe, bure kabisa. Mumewe alikataa. "Shemeji, alisema akionekana tu kwenye foleni ile, mtaa utasema bata wamemmaliza. Akaniambia, 'Acha wanione mzima.'" Alipokubali kupimwa, tumbo lilikuwa limeshajaa maji. Daktari alimweleza kwamba kirusi alichonacho ni cha binadamu, na huenda alikuwa nacho tangu utotoni. Dawa za kukizuia zipo, na angeanzishiwa mapema pengine tungekuwa naye. Bata wake walipimwa kila wiki, yeye hakupimwa hata mara moja hadi alipougua.

Mtasema alikuwa mtu mzima na aliamua mwenyewe. Nami nilijaribu kujifariji hivyo, nikashindwa. Huku Eastlands tunataniana mno. Mchinjaji wa Kiamaiko tunamwambia ananuka mbuzi, mfanyakazi wa kiwandani kule Baba Dogo tunaziba pua akipita, halafu tunaita huo ujirani mwema. Hatuulizi mtu anarudi nyumbani na nini moyoni.

Juzi nilikwenda kupimwa pamoja na watu wa nyumbani kwangu. Tuko salama, na tumeanza chanjo. Nilipotoka nje nililia hadharani, maana shughuli yenyewe ilikuwa fupi kuliko kunyolewa nywele.

Nimejifunza hili, tena kwa kuchelewa: ukimcheka mtu kwa ajili ya kazi yake, naye akacheka pamoja nawe, usidhani yameishia hapo. Huenda ameacha kufanya jambo ambalo lingemwokoa, ili wewe usipate la kusema.