Usukani wa Mkunga

Siku yangu ya kwanza kazini pale Msambweni, uhuru ungali mbichi, Fundi Mkuu hakunipa spana. Alinipa uzi.

“Nipime mabega, ncha hadi ncha. Upana wa usukani huanzia hapo. Ukizidi, mtu hutanuka kama kaa. Ukipungua, baiskeli huyumba.”

Nilikuwa nimetoka sekondari, pua juu, nikidhani usukani ni usukani tu. Kazi yenyewe niliichagua kwa kuwa duka lake la baiskeli lilikuwa nyuma ya nyumba yetu. Mimi nikilala Ukunda usiku mmoja, hukumbuka kitanda changu hadi nishikwe na homa.

Akaja Bi Mwanasha, mkunga wa zahanati, aliyepewa baiskeli ya kuwafikia waja wazito wa Kikoneni. Usukani ulikuwa mfupi, naye alikuwa ameanguka na mkoba wake wa vifaa. Mganga Msimamizi alikwisha kumwonya: akianguka tena, baiskeli atapewa mwanamume, yeye abaki kuchemsha vyombo.

Sasa, nani atampima mabega mke wa watu? Fundi Mkuu alikohoa, akaangalia paa. Nikajitia werevu: nikaenda kwa fundi cherehani wa Bi Mwanasha, nikapima gauni lake, tukafunga usukani mwingine wa kipimo hicho.

Alasiri alirudi akiikokota baiskeli, buibui limejaa majani ya mihogo.

“Shikamoo, Fundi Mkuu. Na wewe msomi, umenipa baiskeli au ng’ombe wa pembe? Vichaka vyote vya njiani nimevifyeka!”

“Nilipima gauni lako, Bi.”

“Gauni hushonwa lipwaye, mwanangu! Au wataka nivae la kunibana ndipo upate kipimo?”

Fundi Mkuu alicheka hadi akakaa chini. Bi Mwanasha aliuchukua uzi, akaingia ndani kwa mke wa Fundi, akatoka nao umefungwa mafundo mawili, bega hadi bega. Tukazikata ncha za usukani kwa msumeno, tukarudisha mipira ya kushikia.

Kesho yake alirudi kutoka Kikoneni, mkoba nyuma, jogoo wa shukrani akining’inia kwenye usukani. Alipita mbele ya Mganga Msimamizi, hakuyumba hata kidogo.

Nimestaafu sasa, lakini akipita mwenye baiskeli bado namtazama viwiko kabla ya uso, nijue fundi wake alimpima vipi. Bi Mwanasha alistaafu kabla yangu. Siku hiyo alikuja dukani na usukani mpya mkononi, amejinunulia mwenyewe.

“Mfungie huu anayenirithi. Ule wa zamani nipe mimi.”

“Bi, baiskeli ni ya serikali.”

“Baiskeli ya serikali,” akasema, “mabega yangu.”