Kazi Moja Chini ya Jina Lake

Jambo la mwisho la kawaida alilofanya mke wangu lilikuwa kuingiza kazi ya nyumbani kwenye programu ya kupangia kazi ofisini kwao: "Pazia la jikoni, Owino. La njano."

Baada ya mazishi nilikwenda kuchukua vitu vyake. Mwenzake, mama Mkongo, alikuwa akipanga kazi upya kwa majina ya watu. Chini ya jina la mke wangu ilibaki hiyo moja.

"Pole, papa. Zingine tumegawana. Hii nifute?"

"Hapana. Ihamishie kwangu."

"Lakini wewe si wa ofisi hii!"

Alinitazama, kisha akaandika jina langu polepole. Hivyo nikaajiriwa nisikoomba kazi.

Asubuhi iliyofuata nilinunua pazia, nikalitundika. Sikumpigia simu aandike kwamba kazi imekwisha.