Waliouliza Hali ya Kabula

Ninaikumbuka vizuri siku ile, mwanangu, ijapokuwa ningefurahi kuisahau. Tulikuwa Usoke, ndani ya bani la kukaushia tumbaku, mimi na dada yangu Kabula na mume wake Paulo. Kabula alikaa pembeni tu, maana mkono wake wa kushoto ulikuwa umevimba, na kwapani palikuwa na kivimbe kipya alichotuonyesha asubuhi ile.

Mwaka uliotangulia alikuwa amekatwa titi mjini Tabora kwa ajili ya saratani. Madaktari walimwomba aingie kwenye utafiti wao. Walikuwa wakiwafuatilia wanawake waliopasuliwa ili wajue nani anapona na nani ugonjwa unamrudia, na kipande cha uvimbe wake kikapimwa kutafuta alama zinazobashiri hayo. Uvimbe wa Kabula ulikutwa na alama mbaya. Daktari alituambia waziwazi, "Mkiona chochote kipya, mleteni upesi. Na sisi tutakuwa tunawapigia simu."

Basi wakapiga; alikuwa kijana wa pale hospitali. Simu ilikuwa ya Paulo, nayo ilikuwa na sauti kubwa, wote tukasikia.

"Shikamoo baba. Habari za huko?"

"Marahaba mwanangu. Nzuri."

"Mgonjwa wetu Kabula anaendeleaje?"

"Salama. Hatujambo."

"Tunashukuru baba. Siku njema." Ikakatwa.

Nikamwuliza, "Shemeji, mbona hukumwambia habari za kivimbe?"

Akanitazama kana kwamba nimemvunjia heshima. "Ndiyo kwanza tunasalimiana. Ningemwambia vipi, naye amekata?"

Unajua tulivyo, mwanangu. Sisi ni wajukuu wa wapagazi. Kwetu mgeni hutua mzigo kwanza, akapewa maji, akasalimiwa, na kila salamu hujibiwa nzuri hata kama ndani kuna maiti. Habari yenyewe hufuata nyuma: "Nzuri, ila..." Tena mambo ya ugonjwa hayasemwi ovyo kwa mtu usiyemwona uso. Nikamsihi Paulo apige yeye. Akasema madaktari wakimtaka mgonjwa wao watamwita, na tumbaku haiachwi motoni. Kabula naye, kwa upole wake ule ulioniudhi siku zote, akasema tungoje, labda ni uchovu wa kazi. Wakapiga tena baadaye, wakajibiwa salama tena. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini Kabula hakuficha kitu, mwanangu. Sisi ndio tuliomsitiri mpaka kaburini.

Alipoanza kukosa pumzi, Paulo akakodi gari la kumpeleka mjini. Alifia njiani.

Kabla hatujaanua matanga, simu ikalia. Uani watu wamejaa. Paulo akajibu nzuri. Kijana akauliza Kabula anaendeleaje. "Tunamshukuru Mungu," Paulo akasema, akavuta pumzi ili amalizie. Kijana akashukuru, akakata.

Mama yetu alikuwa kwenye jamvi na waombolezaji. Aliyasikia yote. Kesho yake akaniambia nimsindikize hospitalini. Tukamkuta yule daktari, binti mwenye adabu zake, akamwamkia mama na kumpa kiti.

"Mjukuu wangu," mama akasema, "Kabula tumeshamzika."

Daktari akatazama kompyuta yake, kisha akamtazama mama. "Hapa tumemwandika ni mzima. Tumepiga kila mara, bibi. Tuliambiwa salama."

"Mlibisha hodi, mkaondoka mlango ukifunguliwa," mama akamwambia. "Na sisi tuna letu. Tulikuwa na miguu, hatukuja."

Binti wa watu akajifuta macho. Akatueleza polepole kwamba walikuwa wameanza kuamini ile alama haina ubaya walioudhania, kwa kuwa wanawake walio nayo walionekana wanaendelea vizuri. "Sasa sijui ni wangapi wako kama Kabula," akasema. Nilitoka nje, maana nilitaka kupiga kelele. Dada yangu yuko chini ya udongo, na salama yake bado inawadanganya watu juu ya wagonjwa wengine!

Paulo mpaka leo husema hakuulizwa. Namwamkia, nampakulia chakula, ila moyoni sijamsamehe, nami sitakudanganya kwamba nimemsamehe.

Basi, mwanangu, ukipewa kazi ya kuwafuatilia wagonjwa, neno salama lisikutoshe. Salimia, ngoja, kisha uliza: anakula? Analala? Mkono umevimba? Omba uzungumze na mgonjwa mwenyewe, umsikie anavyopumua. Asipopatikana, nenda kwao, hata kama ni Ulyankulu ndani na barabara imekatika. Kuuliza si ujinga, na kuuliza mara ya pili si utovu wa adabu. Na wewe unayeuguza, usingoje kuulizwa. Ugonjwa wa ndugu yako si aibu ya nyumba. Useme hata kabla ya salamu, adabu tutaitengeneza baadaye. Daktari akidanganywa kuhusu mmoja atakosea kumtibu wa pili, na huyo wa pili aweza kuwa mama yako.

Mungu akupe masikio yenye subira na ulimi usioogopa. Uzae, uzeeke, na siku utakapougua upate mtu wa kukusemea ungali hai.