Sisi Tulioshika Chuma

Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliyesema hivyo hakuwahi kulazwa hospitali na jamaa zangu wakamjia. Sisi hatuendi kumwona mgonjwa; twaenda kuonekana.

Baba yangu, nahodha mstaafu kutoka kisiwa cha Darakasi, alipasuliwa ngiri hapa Kismayu. Siku ya pili muuguzi, msichana wa Kisomali mwenye sauti ndogo na macho makali, akataka atembee mpaka chooni na kile chuma cha dripu chenye magurudumu. Akatueleza mara mbili, polepole, kama anayejua anasema na nani: akae kwanza, miguu chini, kizunguzungu kiishe, avue kandambili, mmoja wetu awe ubavuni, mkono kiunoni mwake.

"Mshikeni mtu," akasema. "Chuma kitajiendea. Akianguka, mshono utafunguka."

Tukaitikia sote. Kuitikia ni kipaji chetu.

Ami yangu, mdogo wake baba, alikuwa amekuja na chupa ya chai na ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Akakikamata chuma kama khatibu aliyeshika fimbo ya mimbari, akatangulia. "Dawa hii tumeizungukia mji mzima," akasema. "Isimwaike."

Baba akausukuma mkono wangu. "Mchu mzima hashikwi kama bibi harusi." Yeye alizoea upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua kwenye maji haba: ukiuegemea, wagota chini na kukubeba. Akakiegemea chuma vilevile. Nilimwona. Nilikuwa na simu mkononi, nampiga picha ya kuwapelekea ndugu zangu walioko Mombasa, waone ninavyomhudumia. Mjinga mimi, hata sikuona aibu.

Mlangoni pa choo sakafu ilikuwa imelowa maji ya waliotawadha. Kandambili hakuna aliyekumbuka kumvua. Ami akavuta, magurudumu yakakimbia, na baba akabaki nyuma na uzito wake wote, hana cha kuegemea. Chuma kikainama.

Mikono yetu minne ikaruka pamoja. Niliiachia hata simu. Na yote minne ikakamata chuma.

"Alhamdulillahi," ami akasema, "dawa i salama."

Baba alikuwa chini, ameshika tumbo, anatutazama sisi wawili tulivyosimama na chuma chetu.

Mshono ulifunguka, akarudishwa kupasuliwa. Muuguzi hakunigombeza, nami nilimchukia kwa hilo, maana angenigombeza ningepata la kujitetea. Ami bado huhadithia barazani jinsi alivyoiokoa ile dripu, na watu humpongeza.

Siku hizi baba hutembea nyumbani kwa kushika ukuta. Nikimpa mkono huutazama kwanza, kisha hushika ukuta.