Nukta Yangu Mwishoni mwa Kitabu Chake

Ofisini tulimwita Mzee Mkato, naye alijua. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa msoma prufu wa shirika letu dogo la vitabu, vyumba vitatu juu ya duka la rangi, ambako hata chai ilikuwa na harufu ya rangi. Kazi ile ilitaka watu wawili: mmoja anasoma mswada kwa sauti na kutaja kila alama, mwingine anafuata kwenye prufu, zile kurasa za jaribio kabla ya kitabu kuchapwa, kwa rula na kalamu nyekundu. Kwa miaka sita msomaji nilikuwa mimi. "Bibi alikula mkato paka wakimtazama nukta." Siku mkato huo ulipodondoka kwenye prufu, Mzee aliweka rula chini akasema, "Bibi wa watu ameshakula paka." Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Kwake bibi yule wa hadithi alikuwa mtu, na alikuwa amesingiziwa.

Alikuwa na sheria mbili. Alama ni ya mwandishi: ukiitilia shaka muulize, usiiguse. Na mwenye kitabu hasomi prufu yake mwenyewe, maana atasoma alichokusudia badala ya kilichopo. Ya kwanza niliivunja mimi. Ya pili ilimfunga mikono yeye.

Watu walimwona mpole. Dada yake mdogo alikuwa na yake ya kusema. Miaka kumi na miwili nyuma alimwandikia kaka yake barua ya mstari mmoja usio na pumzi: mama hali chakula mama anakutaja njoo kaka njoo upesi. Wiki hiyo Mzee alikuwa na kitabu cha kumaliza. Akachukua kalamu nyekundu, akatia mikato minne na nukta, akaandika pembeni, "Tulia kwanza, halafu uandike," akairudisha kwa posta. Alidhani anamtania, kwa kuwa ndivyo walivyotaniana tangu utotoni. Barua ilifika siku mama yao anazikwa. Tangu hapo dada hakumpa hata salamu. Aliponisimulia, Mzee alisema neno moja tu juu yake mwenyewe: "Nilikuwa mjinga mwenye kalamu."

Simu zake dada hakupokea, na barua zake alizirudisha bila kuzifungua. Lakini vitabu alisoma. "Tangu mtoto hajawahi kuacha kitabu njiani," Mzee aliniambia, na kwa ajili hiyo tu akaandika riwaya. Ilihusu fundi saa aliyechelewa mazishi ya mama yake. Nilimtania kwamba hajajificha sana. "Sikutaka kujificha," akasema. Ukurasa wa mwisho fundi saa anasimama mlangoni kwa dada yake. Dada amefungua, amemsogezea kiti, hajatamka kitu. Kaka anasema, "Umenisamehe?" Kitabu kimekwisha. Kurasa mia mbili alikuwa ameziandika kwa mkono ili swali hilo moja lifike.

Prufu niliisoma peke yangu, kwa kuwa mwenzangu wa kazi ndiye aliyekuwa mwenye kitabu. Nilipofika mwisho, nilijipenda. Mlango uko wazi, kiti kimesogezwa, swali la nini tena? Niliona linamwacha msomaji akining'inia. Nikafuta alama ya kuuliza, nikaweka nukta, wala sikumuuliza Mzee. Sitajitetea. Nilikuwa nimesifiwa miaka sita kwa kuona makosa ya wengine, nikaanza kujiona na mimi mwandishi.

Katika lugha yetu anayeuliza na anayetangaza wanatumia neno lilelile. Mdomoni sauti ndiyo inayopanda, lakini karatasi haina sauti, ina kile kijialama tu. Angeweza kutanguliza "Je", lakini nani anasimama mlangoni kwa dada yake akaanza na "Je"? Mtu aliyekuwa ameinama pale nilimsimamisha wima, akamtangazia dada yake kwamba yamekwisha.

Nakala ya kwanza Mzee alimtumia dada yake bila kuifungua. Alisema ameshakisoma kitabu hicho cha kutosha. Wiki ya tatu ilirudi, akaifungua mezani mbele yangu. Ukurasa wa mwisho, nukta yangu ilikuwa imezungushiwa duara jekundu, na pembeni mtu asiye na haraka alikuwa ameandika: "Nani kasema? Tulia kwanza, halafu uandike."

Mzee akatoa mswada kabatini, akaulinganisha, kisha akaniangalia. Nikamwambia.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliona inatulia zaidi."

"Inatulia," akasema. "Kweli, inatulia."

Nilitamani anitukane. Badala yake alimpigia dada kwa simu ya ofisi, namba ambayo dada hakuijua, akamwambia ni kosa la prufu. Sauti ya dada niliisikia kutoka kitini pangu. "Wewe? Mikato yangu minne uliiona siku mama anakata roho, halafu yako moja ikupite? Usinifanye mtoto, kaka." Akakata.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe na ukurasa wa mswada. Dada yake ni fundi cherehani, ana chumba kimoja kinachotazama barabara, na nilimkuta na futi shingoni. Nilimwambia mimi ni nani na nilichofanya. Alivaa miwani, akausogeza ukurasa dirishani, akaweka kidole juu ya ile alama katika mwandiko wa kaka yake.

"Kumbe aliuliza."

"Aliuliza, mama."

Aliukunja ukurasa, akautia kwenye droo ya nyuzi. "Basi mwambie bado." Akarudi kwenye nguo yake.

Mzee alikuwa ananisubiri, meza haina hata karatasi moja ya kazi. Nilimweleza yote. Alivuta karatasi tupu, akaandika "Bado", akasimamisha ncha ya kalamu hapo.

"Iliishiaje?" akauliza. "Kulikuwa na mkato? Nukta tatu? Sauti ilibaki juu kidogo?"

Nilijua anachotaka. Nukta tatu ningeweza kumpa pale pale, naye angeishi nazo miaka yake iliyobaki. Lakini sauti ya dada yake nilikuwa nayo bado masikioni, na mguu wake uliokwisha kurudi kwenye cherehani kabla sijainuka. Alama ilikuwa ya mwenyewe.

"Nukta, Mzee," nikasema.

Akaiweka.